Chumvi Usoni mwa Chloé

Kila Jumapili baada ya kanisa Hélène alimsimamisha binti yake kwenye dirisha la jikoni, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga na kutazama chumvi. Siku zote ilikuwa palepale. Mstari mweupe ulipita kwenye paji la uso kutoka sikio hadi sikio, pale kofia ilipobana, na mwingine mfupi ulishuka kando ya pua. Jasho lilikuwa limetoka, limetiririka, limekauka lenyewe. Hakuna mtu aliyelifuta.

"Leo tena," alisema Hélène.

"Mama, nina njaa," alisema Chloé.

Hélène aliachia kidevu akapakua ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Chloé alikula huku akipiga meza kwa vidole vya mkono wa kushoto, maana alikuwa mashoto, na baba yake Évariste alimjibu kwa kijiko kutoka upande wa pili. Hivyo ndivyo alivyomfundisha ngoma tangu akiwa mdogo, yeye anapiga, mtoto anajibu. Chumvi ilibaki usoni mpaka jioni alipooga.

Walikaa ugenini, mtaa wa Troyeville, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu. Évariste alikuwa sekyuriti kwenye geti la ghala moja, na Hélène alikuwa fundi wa kushona. Umeme ukikatwa yeye aliendelea, kwa sababu cherehani yake ilikuwa ya miguu. Kanisa lao lilikuwa town, ghorofa ya pili ya jengo la zamani, juu ya duka la jumla la mablanketi. Kanisa hilo lilikuwa na fanfari ya vijana: ngoma, tarumbeta, na mtoto mmoja wa mbele anayebeba fimbo ndefu na kuizungusha. Chloé alikuwa safu ya tatu, na ngoma ndogo kiunoni.

Sasa, kule walikotoka, Uvira na Bukavu na Kalemie, mtu akipendezwa na mchezaji hapigi makofi tu akiwa amekaa. Anainuka, anakwenda mbele akicheza, anatoa kitambaa chake na kumfuta mchezaji jasho usoni. Desturi hiyo ilivuka mipaka yote pamoja nao na hakuna askari aliyeiuliza karatasi. Ila mama mzazi hamfuti mtoto wake mwenyewe. Hiyo ni kujisifu. Lazima wengine wainuke. Kwa hiyo mama wa mchezaji hukaa kwenye kiti chake na kitambaa mkononi, uso mtulivu, akitazama wanaomwinukia mtoto wa mwenzake. Haya yanasemwa hapa ili mama mwingine mwenye mtoto wa ngoma ayasikie mapema.

Mtoto wa fimbo alikuwa Sagesse. Alikuwa mrefu, mabega yamekaa nyuma, na alitembea kama mtu anayejua kwamba ngazi zitamngoja. Mama yake, Brigitte, alikuwa na saluni ya nywele barabara ya pili kutoka kwa Hélène. Kila Jumapili wanawake walimwinukia Sagesse kwa wingi mpaka wakasubiriana, na alirudi nyumbani uso mkavu, safi kama sahani iliyotolewa kabatini. Hélène hakuwahi kuinuka. Alisema mguu unamuuma.

Siku moja alikwenda saluni kupeleka nguo ya mteja. Brigitte alikuwa akimsuka Mama Masika, na wanawake wengine walikuwa kwenye benchi wakingoja.

"Mama Chloé, karibu, kaa," alisema Brigitte. "Usiogope kiti. Kimefutwa."

Wanawake walicheka. Hélène alikaa. Sagesse alipita na taulo, akasalimu, na Hélène akaona kwamba nyusi zake zilikuwa za penseli.

"Nyusi za mtoto zimekwenda wapi?"

"Si watu wa Jumapili hao!" Brigitte alivuta uzi wa nywele akakaza fundo. "Wamemfuta, wamemfuta, mpaka zimetoka. Tangu Pasaka. Mimi nazichora asubuhi, haichukui muda. Wa kwako zake bado zipo?"

"Zipo."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Pole, Mama Chloé," alisema Brigitte, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, ndiyo iliyomkata Hélène zaidi.

Njia nzima ya kurudi aliwaza zile nyusi. Alipofika nyumbani alimwita Chloé dirishani akazitazama za kwake. Zilikuwa nene, nyeusi, zimekutana kidogo katikati kama za babu yake. Kwa mara ya kwanza ziliona aibu, au yeye aliziona hivyo.

Sare zote za fanfari alizishona Hélène mwenyewe, za namna moja, suruali nyeusi na koti la buluu. Kanisa lilikuwa limeamua hivyo ili pasiwe na mkubwa na mdogo. Lakini Maître Pacifique, kiongozi wa fanfari, alikuwa amesema mapambo ni juu ya mzazi, na hapo ndipo wazazi wote walipoingilia. Hélène alipanda taksi kwenda Mayfair, kwenye duka la Samira, Mtanzania wa Tanga anayeuza lesi na shanga. Alichagua lesi nyeupe ya kola, kamba za dhahabu, pindo za mabegani, kitambaa chekundu cha hariri bandia cha kutia ndani ya joho, na manyoya ya kofia.

"Dada Hélène, lesi hii ya bibi harusi," alisema Samira akiikunja. "Nani anaolewa?"

"Mtoto wangu anapiga ngoma."

"Ngoma gani ya kuvalia lesi?"

"Ya kanisani."

"Haya, Mungu amjaalie. Ila bibi yangu angemwona mtoto kapambwa hivi angempaka masizi kidogo usoni, hapa. Asipendeze kupita kiasi."

"Masizi yatachafua kola," alisema Hélène.

Alishona wiki nzima. Koti likabana kiuno, mabega yakamwaga dhahabu, joho likawa buluu kwa nje na jekundu kwa ndani, hata mtoto akigeuka lilifunguka kama mlango wa jiko la makaa. Halafu alimfundisha Chloé michezo. Kurusha kijiti na kukidaka. Kupiga magoti bila kuacha ngoma. Kugeuka ghafla, kuinama, kuinuka na manyoya yakitikisika.

"Lakini mama, nikirusha kijiti napoteza mdundo."

"Mdundo nani anauona?"

Chloé alifikiri. "Papa anausikia."

"Papa yako ni watu wangapi? Rusha."

Jumapili hiyo Chloé alitoka safu ya tatu, akageuka, joho likafunguka. Kanisa lilivuta pumzi pamoja. Kisha vigelegele. Mama Masika ndiye aliyeinuka wa kwanza, mzito, akicheza polepole na kitambaa juu, na nyuma yake wakaja wengine, wanawake na wazee wawili wa kanisa, na mtu mmoja mgeni aliyekuwa amepanda ngazi kuuliza bei ya mablanketi. Walimfuta Chloé paji la uso, mashavu, pua, kidevu. Hélène alikaa na mikono mapajani. Upande wa pili wa njia ya katikati aliona shingo ya Brigitte ikikaza.

Nyumbani alimsimamisha dirishani. Chumvi haikuwepo. Kovu la tetekuwanga lililokuwa shavuni halikuwepo pia. Ngozi ya mahali pale ilikuwa laini, bila alama, kana kwamba ugonjwa ule haujawahi kupita.

"Na kovu?" aliuliza Évariste.

"Limefutwa."

Évariste alimtazama mtoto, akapiga meza mara kadhaa kwa kijiko. Chloé alijibu. Évariste akaendelea kula.

Katikati ya wiki Mama Masika aligonga mlango akiwa na kitambaa kilichokunjwa.

"Nilikuwa nafua," alisema, "nikaona kimo humu. Nikasema hiki si changu. Mimi sijawahi kuwa nacho hata nikiwa msichana."

Kilikuwa kishimo cha shavu la kushoto la Chloé, kile kilichoonekana akicheka. Hélène alishukuru, akakitia kwenye kopo la vifungo. Mama Masika alikuwa mtu mwaminifu. Wengine hawakurudisha kitu. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Bertrams ambaye kuanzia mwezi ule alionekana na kishimo cha shavu la kulia, na hakuna aliyemuuliza.

Brigitte hakulala. Alipeleka kitambaa kwa fundi mwingine, mbali, ili Hélène asijue mapema, na Jumapili iliyofuata Sagesse alitoka na koti jeupe lenye nyuzi za fedha na mkia mrefu unaoburuta, na fimbo imezungushiwa taa ndogo zinazowaka na kuzima. Watu walimwinukia. Hélène akaongeza kengele kwenye buti za Chloé. Brigitte akaongeza mabawa ya waya na tulu, kile kitambaa cha shela. Hélène akashona vioo vidogo mgongoni, kwa hiyo Chloé akigeuka kila mtu alijiona kidogo, na hilo liliwapendeza kuliko yote. Kanisa lilijaa. Walikuja watu wa makanisa mengine, walisimama mpaka kwenye ngazi, wengine hawakujua hata jina la mhubiri. Maître Pacifique alimtoa Chloé safu ya tatu akamweka mbele, bega kwa bega na Sagesse, mmoja na ngoma, mmoja na fimbo.

Nyusi za Chloé zilitoka mwezi wa saba. Hélène hakutumia penseli. Alimpitisha makusudi mbele ya saluni, mchana, jua likiwaka.

"Eish, Mama Chloé," alisema Brigitte mlangoni. "Karibuni. Ila wa kwangu hana hata pua sasa."

Ilikuwa kweli. Sagesse alikuwa amekaa ndani akikunja taulo, na katikati ya uso wake palikuwa sawa, kama ukuta uliopakwa vizuri. Hélène alirudi nyumbani na usiku huo hakula.

Évariste ndiye aliyeuliza. Alitoa kopo la vifungo akalitikisa.

"Mama Chloé, wewe ni fundi. Kishimo kimo, nyusi moja iliyorudishwa imo. Si uzishone tu?"

"Zitafutwa tena Jumapili. Kwa nini nipoteze uzi?"

"Mais mtoto..."

"Mtoto analalamika? Muulize. Chloé, unaumwa?"

"Hapana," alisema Chloé. "Ni baridi tu kidogo, upepo ukivuma."

Kweli haikuuma. Hata pua na macho vilipokwisha kufutwa, watoto wote wawili walikuwa wanaona kama kawaida, wananusa, wanasikia. Mdomo ulibaki, mwembamba, bila rangi. Shuleni siku ya picha mpiga picha alimwomba Chloé ageuke, akaambiwa ameshageuka, akasema sharp, yaani sawa, akapiga. Hélène alinunua ile kubwa, akaitundika sebuleni, kwa sababu kola ilikuwa imekaa vizuri.

Chloé na Sagesse wenyewe walikuwa marafiki. Hilo mama zao walilijua lakini hawakulizungumza. Baada ya mazoezi wasichana walikaa kwenye ngazi za duka la mablanketi wakila chipsi kutoka pakiti moja, na walivyokuwa wamefutwa wote wawili, mtu aliyepita aliwatofautisha kwa nguo tu. Wao walijitofautisha kwa njia zao. Chloé alichukua chipsi kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa kumi kulikuwa na mkutano wa mafanfari, makanisa yote ya Wakongomani ya upande ule, katika ukumbi wa shule moja karibu na Bezuidenhout Valley. Majaji hawakuhitajika. Atakayeinukiwa na watu wengi ndiye atakayepewa fimbo ya mbele ya mwaka mzima, na jambo hilo kila mtu angeliona kwa macho yake. Hélène alimfungua Chloé koti na kulifunga tena mara nyingi asubuhi ile mpaka mtoto akasema, "Mama, please man." Hélène alijua kwamba akishindwa leo, Brigitte atampa pole tena, kwa ile sauti.

Chloé hakushindwa. Alipogeuka na vioo vikashika taa za ukumbi, watu hawakungoja vigelegele. Waliinuka wote pamoja, viti vikaanguka. Walikuja na vitambaa, taulo, vilemba, mtu mmoja alikuja na tai aliyoivua shingoni. Walimfuta mpaka ngoma ikasikika kwa shida. Évariste alikuwa nyuma kabisa ukutani, na sare yake ya kazi, amefumba macho. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa peke yake katika hilo. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa ukipiga kitu kipya, kitu ambacho yeye hakumfundisha, chepesi, cha haraka, na kilipoisha Évariste alifungua macho akatafuta mtu wa kumwambia, akawaona wote wanakunja vitambaa vyao.

Sagesse aliinukiwa pia, lakini si hivyo.

Kukawa na mapumziko. Kisha Maître Pacifique akapanda jukwaani, akasema kwenye kipaza sauti, "Yule wa buluu! Wa buluu apande!" Mtoto wa buluu alipanda. Alitembea mabega nyuma, kichwa kimeinuka, joho likimfuata bila kukunjamana, akapokea fimbo akaizungusha juu ya kichwa kama mtu aliyezaliwa nayo. Hélène alilia. Alisema moyoni, hatimaye amejua kutembea.

Nje palikuwa na vurugu, watoto wa fanfari zote wakitafutwa na mama zao, nyuso zote laini, na kila mama alivuta nguo aliyoishona. Hélène alishika mkono wa koti la buluu. Brigitte alishika mkia mweupe, akaondoka bila kuaga. Kwenye taksi, walipokuwa wamesimama kwenye robot, taa za barabarani, mtoto alimgeukia Hélène kama anayengoja kuulizwa kitu. Hélène alimrekebishia pindo la bega.

Nyumbani alimpakulia. Mtoto hakugusa chakula.

"Tantine Hélène," alisema kwa adabu, "mimi si Chloé."

Hélène alisimama na mwiko mkononi.

"Mimi Sagesse. Tulibadilishana nguo chooni, wakati wa mapumziko. Tulitaka kuona kama mtajua."

"Mlivaa haraka-haraka?" aliuliza Hélène. "Hamkupasua lesi?"

"Hapana, tantine."

"Bon. Kaa vizuri, usikalie vioo."

Évariste alipiga meza kwa kijiko, pole pole, mwito wa siku zote. Mtoto aliyekaa mbele yake alisikiliza, akaweka mikono mapajani. Évariste akaweka kijiko chini.

Kesho yake walikwenda saluni kumrudisha, na hilo ndilo walilokusudia wote. Hélène alimvalisha Sagesse lile koti la buluu kwa ajili ya njia, kwa sababu aliona si vizuri kulibeba mkononi. Jua la Troyeville lilikuwa limemwelekea mtoto kwa mbele. Mabega ya koti yaliyashika mabega ya mtoto. Kiuno kilishika kiuno. Watu walisimama kando ya spaza, kile kiduka cha mtaani, kutazama. Hélène alikuwa ameshona koti lile kwa vipimo vya Chloé, lakini sasa aliona kwamba kwa muda wote huo mkono wake ulikuwa unamshonea huyu.

Saluni walimkuta Chloé kwenye karai, amekunja mikono ya shati, anamwosha mteja nywele. Vidole vyake vilikuwa vinapiga kwenye povu, kushoto, kulia, kushoto kushoto, na mteja alikuwa amefumba macho, mdomo wazi. Kwenye benchi walikuwa wanangoja wanawake wengi kuliko kawaida.

"Mama Chloé," alisema Brigitte.

"Mama Sagesse."

Wasichana wawili walitoka wakakaa kwenye kizingiti.

"Huyu wako anajua mikono," alisema Brigitte. "Nimekuwa nikisikia watu wanasema, nikajua ni maneno tu. Tangu asubuhi wateja hawataki niwaguse mimi."

"Wako naye anajua kuvaa," alisema Hélène.

"Fimbo iko kwako."

"Iko kwangu."

Brigitte alikwangua meno ya kitana kwa kucha. "Mimi ningesema, tusiwachoshe watoto. Wamezoea mazoezi. Labda wakae hivi mpaka Noeli, halafu tutaona."

"Mpaka Noeli," alisema Hélène, na alishangaa jinsi lilivyokuwa rahisi kutamka.

Évariste alisema, "Mama Chloé, twende na mtoto wetu."

"Papa Chloé, umesikia. Ni mpaka Noeli."

Chloé alisimama mlangoni akawatazama wakiondoka, kwa namna yake ya kutazama, uso umeelekezwa kwao. Kisha mteja aliita, akarudi kwenye karai.

Noeli ilifika, kanisa likajaa, Sagesse akafutwa vizuri, na hakuna mtu aliyetaka kuharibu sikukuu. Wakasema mpaka shule zifunguliwe. Shule zikafunguliwa, wakasema mpaka Pasaka. Kila mtoto aliitikia jina la nyumba aliyokuwamo, kwa sababu ilichosha kusahihisha. Évariste, ambaye kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja, alianza kwenda saluni kila Jumamosi kuoshwa nywele. Alikaa kwenye benchi na wanawake, zamu yake ikifika aliinamisha kichwa kwenye karai, na mtoto alimpigia mdundo fuvuni, naye akajibu kwa vidole ukingoni mwa karai. Brigitte hakumtoza. Alisema hakuna cha kuosha.

Siku moja Évariste alikwenda na kopo la vifungo chini ya koti lake, lakini alipolifungua lilikuwa na vifungo tu. Hélène alikuwa ametoa kishimo na zile nyusi kwa ajili ya Sagesse, kwa kuwa nyusi ya pili nayo ilikuwa imerudishwa, na vyote vilikuwa vimekaa bure. Alizishona kwa uzi mwembamba, mishono ya kificho, kazi safi. Zilidumu Jumapili moja. Wanawake walipenda kuwa na kitu kipya cha kufuta. Safari hii hata Mama Masika hakuleta kitu; alisema kitambaa chake kilipotea kwenye taksi.

Jumapili ya Pasaka koti jeupe la Brigitte lilikuwa kwa fundi, kwa kuwa lilimzidi Chloé urefu na lilikuwa linapunguzwa. Kwa hiyo Chloé alirudi safu ya tatu, na sare ya kawaida, suruali nyeusi na koti la buluu lisilo na pindo, ile ile aliyoishona Hélène mwanzo. Mbele, Sagesse alizungusha fimbo. Watu walianza kuinuka. Hélène alikaa na kitambaa mkononi, uso mtulivu, kama mama wa mbele anavyotakiwa.

Ndipo ngoma moja ya safu ya tatu ikajitenga na nyingine. Ilianzia kushoto. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, ikipanda juu ya tarumbeta na kushuka chini yake, na Hélène, ambaye hakuwahi kusikiliza, alijikuta anasikia. Aligeuza kichwa. Akamtazama Brigitte, akamwona amekaa kidevu juu, amesikia pia, anatabasamu kwa ajili ya kilicho chake. Hélène alijiambia: mtoto yule wa Brigitte anapiga vizuri. Alijiambia: kwa nini vizuri vyote vinakwenda kwake.

Hakuna aliyemwinukia mtoto wa safu ya tatu. Alipiga mpaka mwisho, jasho likashuka kwenye paji lile laini, likakauka, na mstari mweupe ukatokea kutoka sikio hadi sikio, pale kofia ilipobana, na mwingine mfupi ukashuka pale ambapo zamani palikuwa kando ya pua.

Hélène aliuona kutoka kitini. Kwa desturi sasa hapakuwa na cha kumzuia. Mtoto yule alihesabiwa wa mwenzake, na wa mwenzako unaruhusiwa kumfuta. Mguu haukumuuma. Mkono ulikwishaanza kuinuka na kitambaa. Lakini akiinuka yeye, wengine watamfuata, na heshima yote itakuwa ya Brigitte.

Alikikunja kitambaa, akakiweka juu ya kiti, akakikalia.